Kutoka Lubumbashi hadi kiti chenye jina lako: mwongozo kamili wa kuhudhuria onyesho kubwa la mavazi Paris

Kiti katika onyesho la nyumba kubwa ya mavazi Paris hakiuzwi. Hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanapokwama. Wanakusanya pesa za ndege, hoteli na suti mpya, kisha wanaanza kutafuta tiketi mtandaoni, na wanaowajibu haraka ni matapeli. Kiti hutolewa kwa mwaliko wenye jina, na mwaliko humfuata mtu mwenye kazi ya kufanya pale: anayeandika, anayepiga picha, anayenunua kwa ajili ya duka, anayewavalisha watu wanaotazamwa, au mteja ambaye nyumba hiyo inamfahamu tayari. Kabla ya kuhesabu pesa, jiulize utaingia pale kama nani.

Ninaandika kwa ajili ya fundi wa Kamalondo, mama mwenye duka la nguo katikati ya jiji, na kijana wa Katuba anayepiga picha za mavazi kwa simu yake. Lubumbashi ina jicho la nguo. Pita kwenye harusi yoyote ya Jumamosi uone familia nzima imeshona kikwembe kimoja kwa mitindo ishirini, na kila mama anajua ni fundi gani aliyekosea bega la nani. Jicho hilo linastahili kukaa karibu na jukwaa la Paris, na njia ya kulifikisha huko ipo.

Kwanza, jua unaenda kuona nini

Maonyesho rasmi ya Paris husimamiwa na shirikisho la mavazi la Ufaransa, Fédération de la Haute Couture et de la Mode. Kila mwaka kuna wiki sita: mbili za mavazi ya kiume (Januari na Juni), mbili za haute couture (Januari na Julai), na mbili za mavazi ya kike yaliyo tayari kuvaliwa (mwishoni mwa Februari hadi Machi, na mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba). Hizi mbili za mwisho ndizo kubwa zaidi, na huja baada ya New York, London na Milan.

Haute couture ni ulimwengu wa peke yake. Jina hilo linalindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1945: nguo hushonwa kwa kipimo cha mteja mmoja, katika karakana iliyoko Paris, na nyumba huonyesha mkusanyiko mpya mara mbili kwa mwaka. Viti ni vichache na wateja wenyewe hukaa mbele. Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni kulenga wiki za mavazi yaliyo tayari, na ndani yake nyumba changa au za kati. Ukiandikia Chanel au Dior mwaka wako wa kwanza, barua yako itakuwa moja kati ya rundo kubwa mno. Ukimwandikia mbunifu mwenye timu ndogo ya habari, kuna uwezekano wa kweli kwamba mtu ataisoma hadi mwisho. Na wapo wabunifu wa bara letu waliofika huko: Imane Ayissi wa Kameruni aliingia kwenye kalenda rasmi ya haute couture Januari 2020, na Thebe Magugu wa Afrika Kusini alishinda tuzo ya LVMH, kampuni kubwa ya bidhaa za kifahari ya Ufaransa, mwaka 2019. Mtu anayetoka Kongo akiandika juu ya kazi kama hizo ana la kusema ambalo mwandishi wa Paris hana.

Kalenda hutangazwa kwenye tovuti ya shirikisho hilo, kwanza ya muda, kisha ya mwisho. Ile ya muda ndiyo itakayokuongoza, kwa sababu ukingoja ya mwisho utakuwa umechelewa kwa viza.

Huku ukijiandaa, tazama maonyesho moja kwa moja mtandaoni. Nyumba nyingi huyarusha. Mwishoni mwa Septemba saa ya Paris ni sawa na ya Lubumbashi; Januari na mwanzoni mwa Machi sisi tuko mbele kwa saa moja. Chaji simu mapema, maana umeme wetu tunaujua. Tazama lile lile mara mbili: mara ya kwanza kama mtazamaji, mara ya pili ukisimamisha picha kwenye mabega na mapindo.

Anza karibu

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayojenga jina. Maonyesho mengi ya Afrika hupokea watu bila masharti makali ya Paris. Mengine huuza tiketi, mengine hutafuta wanaojitolea. Dar es Salaam kuna Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008. Lagos Fashion Week ilianzishwa na Omoyemi Akerele mwaka 2011. South African Fashion Week ya Lucilla Booyzen ipo tangu 1997. Goma kumekuwa na Liputa Fashion Show. Nairobi nako kuna wiki ya mavazi, na tangu Septemba 2023 Mkongomani hahitaji viza kuingia Kenya.

Kwa fundi nasema hivi: katika onyesho la kwanza usikimbilie kiti. Omba kazi ya kuvalisha wanamitindo nyuma ya pazia. Utashika nguo kwa mikono, utaona zipu ilivyofichwa, utajua kwa nini gauni lenye vifungo arobaini linahitaji watu wawili. Hakuna safu ya mbele inayotoa elimu hiyo. Ukirudi utakuwa na picha, barua ya shukrani kutoka kwa waandaaji, na majina ya watu wanaokujua kwa kazi. Hivyo vitatu vinaingia moja kwa moja kwenye faili la Paris.

Kazi yako iwe na karatasi

Mwenye duka au karakana: hakikisha una RCCM (usajili wa biashara), namba ya Id. Nat. (utambulisho wa taifa wa biashara) na namba ya kodi, vyote kwa jina moja na anwani moja. Tengeneza hati fupi ya kurasa nne hivi yenye picha za duka, bidhaa unazouza, bei zako na aina ya wateja wako. Lubumbashi ni mji wa shaba wenye watu wanaosafiri na kununua. Liseme hilo waziwazi, kwa maana mtu wa mauzo wa Paris huenda hajawahi kulifikiria.

Mwandishi au mpiga picha: kusanya makala zako bora, zenye tarehe na viungo vinavyofunguka, na barua ya mhariri inayosema umetumwa. Shirikisho hupokea maombi ya kuandikishwa kwa wanahabari, wapiga picha na wanunuzi kabla ya kila wiki. Elewa jambo moja: kuandikishwa kunakuweka kwenye orodha ambayo nyumba huiona, lakini kila nyumba inaamua yenyewe nani aingie. Barua kwa kila nyumba bado unadaiwa.

Fundi asiye na duka wala gazeti ana njia nyembamba zaidi. Aende kama mnunuzi mdogo aliyesajiliwa, au aungane na mwandishi wa mjini wafanye kazi pamoja, mmoja akiandika na mwingine akieleza ushonaji. Makala yenye jicho la fundi ndani yake ni adimu.

Barua

Hapa sisi tuna bahati: Kifaransa ni lugha ya ofisi zetu. Andika kwa Kifaransa safi, umpe mtu mwingine aisome kabla ya kutuma. Anwani za ofisi za habari utazipata kwenye tovuti za nyumba, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa na kampuni ya mawasiliano iliyokodishwa, ambayo inahudumia nyumba kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu mmoja akikufahamu hapo, amefungua zaidi ya mlango mmoja.

Tuma wiki nne hadi sita kabla ya onyesho. Barua isizidi mistari kumi na tano, na maana yake iwe hivi:

"Mimi ni mwenye duka la mavazi ya kike mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ninauza kazi za wabunifu wa Afrika kwa wateja wanaotafuta nguo za sherehe na za ofisi. Nimefuatilia mikusanyiko yenu miwili iliyopita, hasa makoti yaliyokatwa kwa mshazari, ambayo yangewafaa wateja wangu. Naomba kuhudhuria onyesho lenu la tarehe fulani na kupata miadi katika chumba chenu cha mauzo. Nitakuwa Paris kuanzia siku hii hadi siku ile, kwa anwani hii. Nimeambatisha hati ya duka."

Kisha jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya simu yenye +243, na kiungo cha kazi yako. Angalia sentensi ya makoti: inaonyesha kwamba umetazama. Sifa za jumla kama "nyumba yenu maarufu" hazisaidii kitu.

Usiombe viti vitatu. Usiandike kwamba kuhudhuria ni ndoto yako tangu utoto, hata kama ni kweli. Mpokeaji anapanga viti na anataka kujua kiti hicho kitazaa nini. Usipojibiwa, kumbusha mara moja, siku kumi kabla. Baada ya hapo nyamaza na usubiri. Majibu mengi huja siku mbili tatu kabla, mengine usiku wa kuamkia onyesho, kwa hiyo simu iwe wazi na barua pepe ziangaliwe hadi zile zilizotupwa kwenye takataka. Andikia nyumba kumi na tano au ishirini. Ukipata mialiko miwili kwa safari ya kwanza, umefanikiwa.

Viza

Onyesho hufika na kupita wakati faili lako bado liko mezani, kwa hiyo tarehe ndizo za kwanza. Ombi la viza fupi ya Schengen, yaani ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Wasilisha mapema, mara tu kalenda ya muda inapotoka. Ndiyo, hiyo maana yake unaomba viza kabla mialiko haijaja. Ndiyo sababu barua ya mhariri, karatasi za duka na uandikishaji wa shirikisho ni muhimu kiasi hicho.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kwa Ufaransa, kipimo cha pesa za kujikimu kimekuwa euro 65 kwa siku kwa aliyelipia hoteli na euro 120 kwa asiyelipia. Ukifikia kwa ndugu, mwenyeji wako anachukua hati ya mapokezi kwenye ofisi ya meya ya anakoishi, kwa kulipia stempu, na kiwango cha pesa kinashuka. Mwombe mapema, maana ofisi za meya zina foleni zake.

Alama za vidole hutolewa ana kwa ana. Ikiwa miadi yako ni Kinshasa, weka tiketi ya ndege ya ndani na malazi kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukishatoa alama hizo, hutumika tena kwa miezi 59.

Sababu kubwa ya kukataliwa ni hofu kwamba hutarudi. Onyesha kinachokurudisha: duka, mkataba wa kazi, watoto shuleni, hati ya kiwanja, oda za wateja za mwezi unaofuata. Akaunti ya benki iwe na miezi ya kuingia na kutoka kwa pesa. Kiasi kikubwa kilichoingia juzi kinaleta maswali.

Ndege na malazi

Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, unaweza kupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines au Nairobi kwa Kenya Airways. Beba kadi ya njano ya chanjo. Hoteli za katikati ya Paris hupanda bei wiki hizo, basi lala pembeni karibu na kituo cha metro, kwa mfano Montreuil au Saint-Denis. Bei za 2025 zilikuwa euro 13 kwa treni au metro kutoka uwanja wa ndege na 2.50 kwa safari moja ya kawaida. Ukichoka na mkate, nenda Château Rouge katika wilaya ya 18: pondu, makayabo na vitenge vipo, na watu watakuongelesha kwa Lingala kabla hujafungua mdomo.

Utavaa nini

Vaa kazi ya fundi wako. Wageni wengine watavaa vitu vya nyumba inayoonyesha, vya bei ambazo huwezi wala huna haja ya kushindana nazo. Koti lililokatwa vizuri Lubumbashi, kwa kitenge kizuri au kwa kitambaa cha rangi moja chenye kola na mfuko wa kitenge, litaulizwa. Jifunze kulijibu swali hilo kwa sentensi moja: nani ameshona, wapi, na kwa kitambaa gani. Weka kadi za jina za fundi mfukoni.

Kitambaa kikiwa na mchoro mkubwa, mshono uwe mtulivu. Mchoro ukutane kwenye mishono ya pembeni na katikati ya mgongo, kwa sababu watu walio nyuma yako hapo ni wa kazi hii na wataona. Bitana iwe ya kweli, pindo lishonwe kwa mkono.

Usibebe mkoba bandia wenye nembo ya nyumba kubwa. Forodha ya Ufaransa huchukua bidhaa bandia na kutoza faini, na mlangoni mwa onyesho mtu wa kwanza kuutambua ni yule anayeshika orodha ya wageni.

Kumbuka baridi. Asubuhi za Juni za Lubumbashi, tunapotafuta sweta, haziifikii Januari ya Paris hata kidogo, na utasimama nje muda mrefu. Vaa nguo nyembamba ya joto chini, na viatu unavyoweza kutembea navyo juu ya mawe. Wanaobadilisha viatu ndani ya metro ni wengi, hakuna aibu.

Siku yenyewe

Mwaliko wa siku hizi mara nyingi ni msimbo kwenye simu. Nyumba nyingine bado hutuma kadi kwa mjumbe hadi anwani uliyoandika, ndiyo maana anwani ya Paris iwe kamili, yenye namba ya ghorofa. Piga picha ya skrini, usitegemee mtandao mlangoni. Beba pasipoti.

Fika nusu saa kabla ya saa iliyoandikwa. Onyesho litaanza kwa kuchelewa, nusu saa ni kawaida, lakini milango ikifungwa imefungwa. Nje kutakuwa na wapiga picha wa mitaani na mashabiki. Wakikuomba picha simama kidogo, sema jina la fundi, endelea. Usipange maonyesho mawili yaliyokaribiana kama yako pande mbili za mji. Metro hushinda gari karibu kila mara.

Mwaliko unaonyesha eneo, safu na namba, au umeandikwa kwamba utasimama. Aliyepewa kusimama asivunjike moyo: dakika za mwisho, viti vilivyobaki wazi hujazwa na waliosimama, kwa ishara ya wahudumu. Subiri ishara hiyo. Kukalia kiti chenye jina la mtu mwingine kunakumbukwa.

Ukiwa safu ya mbele, miguu irudi ndani na mkoba uwe chini ya benchi. Wapiga picha wa mwisho wa jukwaa watakupigia kelele ukikunja nne, kwa sababu kiatu chako kinaharibu picha zao zote. Wasalimie walio kulia na kushoto. Jirani anaweza kuwa mnunuzi wa duka la Abidjan au mhariri wa Brussels, na dakika thelathini za kusubiri ndizo nafasi yako ya mazungumzo.

Kutazama

Onyesho lenyewe huchukua kama dakika kumi hadi kumi na tano. Ndiyo, safari yote ile kwa dakika hizo, kwa hiyo ziandae. Piga video ya mavazi matatu au manne tu, kisha shusha simu. Picha kamili za kila vazi zitatoka mtandaoni siku hiyo hiyo. Kisichotoka ni jinsi kitambaa kinavyosikika kikipita, uzito wake kinapogeuka, na mgongo wa nguo.

Vazi la kwanza linatangaza wazo la msimu. Liandike kwa maneno matano. Halafu tafuta kinachorudiwa: bega moja lililorudi katika mavazi sita, urefu mmoja wa sketi, rangi inayoingia katikati na kutoweka. Kila mwanamitindo akikupita, geuza macho umfuate. Mgongoni ndipo unaona zipu, mpasuo, na kama koti linakaa shingoni bila kufunguka. Tazama mkono unapoinuka: kwapa iliyokatwa juu inaacha koti mahali pake, iliyokatwa chini inalivuta lote. Tazama pindo hatua inapotua. Gauni lililokatwa kwa mshazari linarudi mwilini taratibu. Kitambaa kigumu kinakaa na umbo lake hadi hatua nyingine. Kwa fundi wa kwetu anayeshona wax, pamba isiyovutika, hilo ni somo la kurudi nalo nyumbani.

Mwishoni wote hupita pamoja, na mbunifu hutokea kwa sekunde chache. Piga makofi. Kisha kaa chini, au simama kando, uandike kabla hujazungumza na mtu yeyote.

Unachoruhusiwa kuchukua ni mbinu na wazo. Kushona vazi lile lile na kuliuza ni wizi wa kazi ya mtu. Sheria ya Ufaransa inalinda mavazi kama kazi ya ubunifu. Nasi tunajua uchungu wa mteja kumpelekea fundi mwingine picha ya kazi yako.

Mwaliko usipokuja

Safari haijapotea. Wiki hizo kuna Tranoï, maonyesho ya kibiashara ambapo mnunuzi aliyesajiliwa huingia, hushika nguo na kuongea na wabunifu wenyewe. Kwa mwenye duka yana faida kuliko safu ya nne ya nyumba kubwa. Musée Yves Saint Laurent, Palais Galliera na La Galerie Dior huonyesha nguo kwa karibu kwa bei ya tiketi ya kawaida. Angalia siku zao za kufungwa kabla ya kupanga. Tangu 2017 L'Oréal Paris imekuwa ikifanya onyesho mahali pa wazi ambapo umma hutazama.

Siku zinazofuata

Omba kuyaona mavazi tena katika chumba cha mauzo. Huo ni utaratibu wa kawaida kwa wanunuzi na wanahabari. Hapo nguo iko kwenye kiango, unaweza kuomba kuigeuza ndani nje, kuuliza kitambaa kimetoka wapi na oda ya chini ni vipande vingapi. Nenda na mita yako, lakini omba ruhusa kabla ya kuitoa.

Ndani ya siku tatu andika shukrani kwa aliyekualika, mistari minne, ukitaja vazi moja kwa namba yake. Makala ikichapishwa, au oda ikifika Lubumbashi, mtumie picha. Weka kila jina, tarehe na jibu kwenye daftari moja, hata majibu ya kukataa, kwa sababu kalenda ya muda ya msimu ujao itatoka na utawaandikia watu wale wale, safari hii wakiwa wameshakuona.